Laptop Aliyoichomoa Mama Mkwe

Bi Demetria hakuwa mtu wa kugusagusa vitu vya watu. Hilo lieleweke mapema, maana yaliyotokea Jumatatu ile pale Mtoni Kijichi yanaweza kumfanya mtu amdhanie vibaya. Miaka thelathini na minne alifundisha shule ya msingi kule Muleba, akastaafu na jina safi, akamzika mume, akasomesha watoto hadi wa mwisho. Dar alikuja kwa mwanawe Gaudens ili atolewe mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limeshafanyiwa, likafunikwa kikombe cha plastiki na kuwekewa dawa ya matone mara nne kwa siku. La kushoto lilikuwa likingoja zamu yake, na kila lilichokiona kilikuwa na ukungu.

Kilichomsumbua hasa si macho, ni kukaa bure. Tusajigwe, mkewe Gaudens, mwalimu kama mkwewe, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa na adabu hadi inakera. Hakumwachia mkwewe hata kijiko cha kuosha. Bi Demetria akishika ufagio ananyang'anywa kwa upole, akisogelea jiko anavutiwa kiti sebuleni. Wawili hao walitaniana kuhusu ndizi tu, kwa kuwa Mhaya na Mnyakyusa kila mmoja anaamini mwenzake anaziharibu. Zaidi ya hapo ilikuwa shikamoo mama, marahaba, karibu chai. Wiki tatu nzima za heshima. Mtu aliyezoea kazi hawezi kuishi hivyo bila kutafuta chochote cha kufanya, na simlaumu.

Chochote chenyewe kikaja na radi.

Jumatatu asubuhi Tusajigwe alikuwa amechelewa kazini. Laptop yake ilikuwa ikimganda wiki mbili, kila akiifungua inamwomba akubali apdeti. Asubuhi hiyo akakubali ili aachane na kelele zake, akijua itajimalizia yenyewe akiwa shuleni. Ikajizima, ikajiwasha, ikaweka kioo cheusi na mstari mweupe unaojaa taratibu, feni ikaanza kunguruma. Chini ya mstari kulikuwa na maneno ya Kiingereza, madogomadogo, yakionya kwamba isizimwe wala isichomolewe. Tusajigwe akaaga, akabeba mkoba, akatoka mbio. Hakumwachia mama mkwe maagizo yoyote kwa sababu hakuona kama kuna la kuagiza.

Robo saa haikupita, wingu likakaza upande wa Mbagala na radi ikapiga. Watu wa Dar radi huwapita wakiendelea na chai yao. Kagera si hivyo. Bi Demetria ameshaona redio ikipasuka juu ya meza, ameshaona ng'ombe wa jirani amelala chini hana jeraha na hana uhai. Kwake yeye ngurumo ya kwanza ni ya kuchomoa nyaya zote na ya pili ni ya kukaa mbali na dirisha. Akachomoa TV, akachomoa friji, akachomoa ile laptop iliyokuwa ikinguruma peke yake mezani. Betri ya laptop ile ilishakufa zamani, ilikuwa inaishi kwa waya tu, kwa hiyo ilizima hapohapo. Akaifunga, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaifunika kitambaa cha kufuma alichokiondoa juu ya kabati, kwa sababu katika nyumba ya watu wenye adabu kitu cha thamani hakikai wazi. Kisha akachukua rozari yake akajibanza kwenye korido.

Hata mvua haikunyesha. Radi ilipita zake kuelekea Kigamboni, na baada ya nusu saa Bi Demetria alirudisha kila waya mahali pake. Aliridhika kabisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu afike kujiona ana faida katika nyumba ile.

Jioni Tusajigwe alipobonyeza kitufe, taa iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kilibaki cheusi. Kwenye kibodi kitaa kimoja kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Alijaribu tena na tena, hakuna kilichobadilika. Gaudens, ambaye ni karani wa bohari moja karibu na bandari, alirudi saa kumi na mbili akamkuta amekaa sakafuni na laptop mapajani. Badala ya pole, akaanza na hukumu. Walipokaa kula bado alikuwa anaendelea: kwamba alishamwambia asibonyezebonyeze, kwamba yeye kila kitu anataka kukifanya kwa haraka, kwamba majirani wote amewauliza na umeme haukukatika siku nzima, kwa hiyo aliyeiharibu ni yeye mwenyewe na si mwingine.

"Nimekosea," Tusajigwe akasema, akamwongezea mama mkwe mchuzi.

Ni katika kelele hizo Bi Demetria alielewa kilichomo ndani ya laptop. Tusajigwe alikuwa anafundisha kitengo cha watoto viziwi katika shule ya msingi moja ya Temeke. Mwaka mzima alikuwa akirekodi masomo ya hesabu na Kiswahili kwa lugha ya alama, darasa la tatu na la nne, yeye na wanafunzi wake, kwa simu yake ndogo. Simu ikijaa anahamishia kwenye laptop, anafuta, anaanza upya. Yalikuwa yamefika masomo sitini na manne. Alhamisi ya wiki hiyohiyo walimu wa shule tisa zenye watoto viziwi, pamoja na maofisa elimu, wangekuja kuyatazama, na wakiyakubali yangetumika katika shule zote tisa. Nakala nyingine haikuwepo. Diski ya kuyahifadhi alikuwa amepanga kuinunua mwisho wa mwezi.

Samaki aliyekuwa mdomoni mwa Bi Demetria akageuka pamba. Alijua. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyemuuliza, na wala asingeulizwa. Mama mkwe haulizwi amegusa nini. Mwanawe angeweza kumuuliza, lakini Gaudens hakuwaza kabisa kwamba mama yake na kompyuta wanaweza kukutana. Mkamwana naye, hata awaze nini, hana ulimi wa kulitamka. Kilichobaki ni yeye mwenyewe aseme. Akafungua kinywa, akamwona mwanawe alivyokasirika, akafikiria wiki nyingine tatu za kukaa katika nyumba ile akiwa bibi aliyeharibu kazi ya mwaka mzima, akaomba maji ya kunywa.

Alijitetea moyoni kadiri alivyoweza. TV nayo si aliichomoa, mbona inaonyesha? Friji si linagandisha? Lakini usiku ule hakupata usingizi mzuri, na aliyemnyima usingizi alikuwa mtoto aitwaye Romani.

Romani alikuwa kiziwi. Aliletwa darasani kwa Bi Demetria mwaka themanini na tisa, miaka tisa, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Mwalimu Demetria, aliyekuwa akisifiwa wilaya nzima kwa hesabu, hakujua amfanye nini. Akampa dawati la nyuma dirishani na vipande vya chaki achoree. Miaka mitatu mtoto alikaa pale. Alikuwa anatabasamu kila akitazamwa, na mwalimu wake akamvusha darasa hadi darasa kwa huruma, mpaka akaondoka shuleni hajui hata kuandika jina lake. Bi Demetria hakuwahi kumwambia mtu habari za Romani, kwa sababu alikuwa anaona aibu, na aibu hiyo haikuwa imepungua hata kidogo kwa miaka yote hiyo.

Jumanne Tusajigwe aliipeleka laptop Kinondoni kwa fundi aliyeelekezwa na mwalimu mwenzake. Akarudi mikono mitupu. Fundi alikuwa amejaribu njia ya kwanza ikagoma, akamwambia arudi Jumatano asubuhi waamue. Bi Demetria akatangaza kwamba Jumatano na yeye atakwenda Kinondoni, amechoka kukaa, anataka kununua kitenge. Tusajigwe alimtazama kidogo, akasema sawa mama, tutakodi bajaji.

Fundi mwenyewe alikuwa binti, jina lake Abrar. Alikuwa na meza yake pembeni mwa duka la baba yake, Mzee Nasser, Mwarabu wa siku nyingi aliyerithi kuuza masufuria na birika kutoka kwa baba yake naye. Upande mmoja unanunua jaba la maji, upande wa pili unatengenezewa kompyuta. Abrar alivaa mtandio mweusi na miwani ya kukuzia ameisukumia kwenye paji la uso. Alimwamkia Bi Demetria shikamoo kabla hajamsalimia mteja wake, akampisha kiti chenye mto, yeye akakalia ndoo iliyopinduliwa. Mama wa watu akaanza kumpenda hapohapo, jambo lililozidi kumtia uchungu.

Abrar alikuwa na utaratibu wake. Hagusi mashine kabla hajamhoji mwenye nayo, na majibu anayaandika kwenye plasta nyeupe anayoibandika mgongoni mwa mashine yenyewe, ili asije akasahau au akachanganya. Kwenye laptop ya Tusajigwe plasta ilisema: apdeti imeachwa imalize, umeme haukukatika, kioo cheusi. Bi Demetria aliombwa aishike mashine wakati Abrar anasafisha meza, akaisogeza karibu na jicho lake lililo wazi, akayasoma maelezo yote matatu.

Abrar akaeleza, na alieleza vizuri, bila kujitapa. Ndani ya kila laptop kuna programu ndogo sana iliyoandikwa kwenye chipu, nayo ndiyo inayoamka ya kwanza na kuwaamsha wengine wote. Hiyo ndiyo iliyokuwa inafanyiwa apdeti. Jana ameweka flashi yenye programu hiyo, akashikilia vitufe vya dharura, mashine haikumsikiliza hata kidogo. Kama apdeti ilimaliza salama na umeme haukukatika, basi tatizo si programu. Ni ubao mama, ule unaobeba chipu zote, kuna mahali risasi ya kuchomelea imeachia. Dawa yake ni kuupiga moto kwa mashine ya hewa ya moto ili risasi ishike upya. Na katika laptop hii nyembamba, sehemu inayotunza mafaili imechomelewa kwenye ubao huohuo. Haichomoki.

"Dada, mie sikudanganyi," Abrar akasema. "Hizi nazipataga sana. Nikiipiga moto inaweza ikaamka. Inaweza pia ikafa mazima, na vitu vyako vyote vikaenda nayo. Nusu kwa nusu. Ila ruhusa lazima utoe wewe."

Tusajigwe akauliza kama kuna njia nyingine. Abrar akajibu kwamba kwa maelezo aliyonayo, hana. Mezani kile kipiga moto kilikuwa kimeshachomekwa, mdomo wake unaanza kutoa joto.

"Kesho ndiyo siku yenyewe," Tusajigwe akasema. "Piga tu."

Bi Demetria alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, mkoba mapajani, na moyo ukimwenda mbio kuliko siku alipolazwa kwenye kitanda cha upasuaji. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Moto ukipigwa, kila kitu kingebaki kuwa kosa la ubao, na hakuna mtu duniani ambaye angekuja kujua. Akaliona lile dawati la nyuma dirishani. Akaona safari hii anataka kuwaweka nyuma watoto wa shule tisa.

"Usiipige," akasema.

Sauti yake ya darasani ilitoka bila kupenda, Mzee Nasser akageuka huko kwenye masufuria.

"Mimi ndiye niliyeichomoa. Jumatatu asubuhi, radi ilipopiga. Ilikuwa inanguruma, nikaichomoa, nikaifunga. Baadaye nikaurudisha waya ukutani."

Hakumtazama mkamwana wake. Alimtazama Abrar, kwa sababu Abrar alikuwa mgeni na kwa mgeni aibu ina unafuu kidogo. Alitegemea binti acheke au agune. Abrar hakufanya lolote kati ya hayo. Alizima kipiga moto, akavuta ndoo yake karibu, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mama, nisaidie," akasema. "Kunguruma huko, kulikuwa mfululizo? Au iliwahi kunyamaza, ikajizima, ikaanza upya?"

Macho ya Bi Demetria yalikuwa mabovu lakini masikio yake hayakuwa na tatizo. Alikuwa ameketi hapo sebuleni akisikiliza tangu mkamwana alipotoka. Mfululizo, akajibu, bila kunyamaza hata mara moja. Abrar akauliza kama aliuona mstari mweupe. Aliuona, maana ulikuwa mpana, ni maneno tu aliyoshindwa kuyasoma. Uliishia wapi? Bi Demetria akaweka viganja viwili mezani, kimoja mwanzo kimoja mwisho, kisha akasogeza cha kulia taratibu, akakumbuka, akakisimamisha kabla ya nusu.

Abrar akabandua plasta. Akakata nyingine, akaandika, na safari hii alikuwa anatabasamu. Apdeti hizi, akaeleza, huenda kwa awamu mbili na katikati mashine hujizima na kujiwasha. Kama baada ya kuanza kunguruma haikuwahi kujizima, basi ilikatwa katika awamu ya kwanza, na awamu ya kwanza ndiyo inayoandika chipu inayosikiliza kibodi. Ndiyo maana jana alibonyeza vitufe vya dharura mpaka kucha zikauma, mashine ikawa haimsikii. Masikio yake yaliandikwa nusu. Ubao haukuwa na tatizo lolote. Angeupiga moto, angeua kitu kizima.

Akaifungua laptop tumbo, akakibana kile kichipu kwa kibanio kidogo chenye nyaya za rangi, akakiunganisha na kompyuta yake ili akiandike upya moja kwa moja bila kupitia kibodi. Akasema itachukua kama dakika ishirini, na kwamba hata hivyo hawapi ahadi. Mzee Nasser akaagiza kahawa bila kuulizwa. Wanawake wawili wakabaki wamekaa upande kwa upande, mmoja kwenye kiti, mmoja kwenye stuli aliyosogezewa.

Aliyeanza kuzungumza ni Tusajigwe.

"Nilijua, mama."

Bi Demetria akageuza shingo.

"Niliporudi niliikuta imefunikwa kitambaa. Mie siifunikagi. Nikakitoa, nikakirudisha juu ya kabati kabla Gaudens hajaja."

Alieleza kwa sauti ya chini, huku anatazama kikombe chake. Alidhani kilichoharibika kimeshaharibika. Hakujua kwamba fundi angehitaji kufahamu ilizimikaje; alipoulizwa kama umeme ulikatika alijibu ukweli, haukukatika. Akaona kama hasara ipo, basi iwe moja, kuna faida gani kuongeza na kumwaibisha mzazi? Na hata angetaka kuuliza, alisema, angeanzaje? Kwao mtu hamketishi mama wa mumewe chini akamhoji.

Bi Demetria aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo akajikuta anampenda msichana huyu upendo ambao wiki tatu zote za shikamoo na karibu chai hazikuwa zimemletea. Jumatatu jioni mtoto huyu alikuwa anasemwa mezani, anajua, na ananyamaza. Halafu yeye, mwenye kosa, anaongezewa mchuzi. Akatoa leso, akafuta jicho lililo wazi na kuliacha lile la kikombe, maana daktari amelikataza lisiguswe. Tusajigwe akamshika mkono ili asije akajisahau.

"Haya," Abrar akasema, akabonyeza kitufe.

Kioo kilibaki cheusi. Feni ikazunguka, ikanyamaza, laptop ikajizima yenyewe. Ikajiwasha tena, ikajizima, na mara ya tatu yakatokea maandishi meupe yanayolalamika kwamba saa yake imepotea na haijui leo ni tarehe ngapi. Abrar akapiga kiganja mezani mara moja. Akaiandikia tarehe na saa, akasubiri, na picha ya nyuma ikafunguka: watoto kumi na mmoja wa sare za Temeke wamesimama mbele ya ubao.

Masomo yalikuwepo yote. Tusajigwe aliyahesabu kwa kidole, akarudia, sitini na manne. Kisha akalia palepale mbele ya masufuria, kilio cha wazi, na Bi Demetria akampigapiga mgongoni kama anavyopigwapigwa mtoto aliyepaliwa. Hawakutoka dukani mpaka kila somo liliponakiliwa kwenye diski mpya waliyoinunua kwa Abrar. Kuhusu kitenge, hakuna aliyekikumbuka.

Gaudens alirudi jioni akaikuta laptop mezani inawaka. Alifurahi kweli, si mtu mbaya, ni mtu wa kukasirika tu. Akauliza fundi alisema tatizo lilikuwa nini.

"Programu tu," Tusajigwe akajibu haraka, akielekea jikoni. "Ilikwama kidogo, ame—"

"Rudi hapa, mwanangu," Bi Demetria akasema.

Tusajigwe akarudi. Bi Demetria alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye egemeo la kochi. Maneno haya alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka Kinondoni, na kwa mwanawe yalikuwa magumu kuliko kwa mgeni, maana kwa mwana ndiko mzazi anakotaka abaki na heshima yake nzima.

"Mimi ndiye niliyeizima," akasema. "Niliogopa radi. Na Jumatatu ulipomsema mkeo hapa mezani, nilijua, nikanyamaza. Yeye naye alijua ni mimi, akakubali kosa lisilo lake ili mama yako asiaibike."

Gaudens alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akajaribu kucheka. Akasema haina shida mama, mbona imeshapona, mambo ya kawaida, nani asiyeogopa radi.

"Kwangu haina shida, ndiyo," Bi Demetria akasema. "Lakini mimi sikusemwa. Aliyesemwa ni huyu, tena mbele yangu. Basi na radhi aombwe mbele yangu."

Gaudens alikuwa na miaka thelathini na saba, ni mtu mzima mwenye nyumba yake, na sauti ile ilikuwa haijamwamuru kitu tangu alipomaliza darasa la saba. Alisugua shingo. Aliangalia sakafu, kisha akaona kwamba sakafu haitamsaidia.

"Nisamehe, Tusa," akasema. "Nilikusema bila kuuliza."

Tusajigwe akajibu kwamba amesikia. Kwamba amesamehe, hilo hakulisema, alilihifadhi kwanza, na Bi Demetria, ambaye naye aliwahi kuwa mke wa mtu kwa miaka thelathini na tisa, akaona ni haki yake.

Baada ya chakula Tusajigwe aliifungua laptop ili ayapange masomo ya kesho. Akavuta kiti cha pili, akakiweka ubavuni pake, akamwambia mama mkwe aje amwangalizie, kwa kuwa maofisa wanaokuja ni watu wa kuuliza maswali na yeye peke yake hataona kila kosa. Kwenye kioo msichana mdogo alikuwa anaonyesha kwa vidole namna ya kutoa namba kwa kuchukua, taratibu, anarudia, anacheka akikosea. Bi Demetria alisogea karibu kabisa na kioo, akatazama mpaka mwisho bila kupepesa.

"Hili usiliweke la tatu," akasema. "Hili ndilo la kuanzia. Hebu nionyeshe lile la kujumlisha nione kama kweli umewapa mifano ya kutosha."